Nyumba Imetulia

5 Mei

Baba Kasuku,

Nimefika salama. Safari ilikuwa ndefu, na jirani yangu kitini alinilalia begani tangu tunaondoka mpaka tunashuka, kama vile nimeolewa naye. Usione wivu, alikuwa bibi kizee.

Chumbani tuko wanne. Wenzangu watatu wametoka shule juzi tu, na tangu siku ya kwanza wananiita Mama. Mmoja aliniuliza kwa heshima zote kama nimemleta mwanangu. Nikamwambia nimejileta mwenyewe. Akacheka, kisha akaona sicheki, akanisaidia kubeba sanduku. Dirisha letu linatazama ukuta wa jengo la pili, karibu kiasi kwamba naziona soksi za mtu zikianikwa, na kila moja ina tundu kidoleni.

Asubuhi tunasoma biolojia na kemia, mchana fizikia, jioni tunachonga. Usicheke. Kwenye mtihani wa kuingia chuo cha meno kuna sehemu ya mikono: unapewa kipande cha nta na kisu kidogo, unaambiwa uchonge jino fulani kwa vipimo vyake. Miaka yote hii nimemkabidhi Daktari vifaa kabla hajanyoosha mkono, nimeshika vichwa vya watoto wanaopiga mateke, na nikiona jino nakuambia ni la nani na la wapi. Kumbe kulijua ni kazi moja na kulichonga ni nyingine. La kwanza lilitoka kama kiazi.

Mtihani ni tarehe tatu na nne Juni. Mwakani nitakuwa nimevuka umri wanaoupokea. Wewe unajua na mimi najua. Nalisema mara hii moja ili nisilirudie kila barua.

Siwezi kutulia. Nakaa, nasimama, naenda dirishani, naangalia soksi, narudi.

Mwambie Kasuku asilale bila kupiga mswaki. Nakuambia wewe kwa sababu najua utamwonea huruma. Mama mkwe mpe shikamoo yangu.

Mkeo


10 Mei

Mama Kasuku,

Barua yako imesomwa mara tatu: na mimi, na mama, kisha na Kasuku kwa sauti pale dukani, mteja amekaa na povu nusu ya uso. Ilibidi asubiri mpaka mwisho. Sasa mtaa mzima unajua habari za soksi, na wengine wanauliza kama mwenyewe ameoa.

Binti yako hanyamazi. Tulimpa jina la utani bila kujua kwamba atalichukulia kama kazi. Papa anaota meno mara ngapi? Mtu akifeli mtihani anarudishwa nyumbani na polisi? Kwa nini mama anasoma na tayari ni mkubwa? Juzi mzee mmoja alikaa kunyolewa, Kasuku akasimama kando ya kiti na maswali yake. Mzee alipoinuka aliniambia anakwenda moja kwa moja kulala, amechoka kuliko siku ya kazi.

Wateja wanauliza uko wapi. Nawaambia unasomea udaktari. Wengine wanadhani ni mzaha wa kinyozi. Mmoja akasema mke akishaanza hivyo harudi. Nilimnyoa vizuri, mimi ni fundi, lakini sikumpaka mafuta.

Mama ameteka jiko. Ameyapanga masufuria upya kwa utaratibu anaoujua yeye na Mungu wake. Ukirudi jitayarishe kwa vita.

Wewe soma. Hapa niachie mimi. Lolote litakalotokea nyumba hii ni la kwangu, usilibebe.

Mumeo, kinyozi


17 Mei

Daktari, shikamoo.

Nakuandikia wewe kwa sababu kuna jambo siwezi kuliandika nyumbani.

Tumefanya jaribio la kwanza nami nimekuwa wa mwisho. Sisemi karibu na mwisho. Mkufunzi alisoma majina kuanzia juu, nami nikasubiri, nikasubiri, mpaka karatasi ikamwishia mkononi. Kemia imeniangusha. Mabinti ninaolala nao chumba kimoja wanazisema kanuni kama wanaimba, mimi nazitafuta kichwani kama mtu anayetafuta funguo gizani. Nyumbani nimeandika kwamba jaribio halikuwa baya. Naomba usiniumbue kwa mume wangu. Ukikaa kwenye kiti chake anaweza kukuchomoa habari yoyote, na wembe shingoni mwako.

Nilipokuuliza kama naweza, hukunijibu, ulikwenda kabatini ukanipa vitabu vyako. Nilichukua hiyo kuwa ni ndiyo. Sasa nauliza tena, na safari hii nataka jibu. Ukistaafu hakuna daktari wa meno atakayekubali kuja kwetu. Watu watapanda basi kutwa nzima kwa ajili ya jino moja, au watamwendea yeyote mwenye koleo. Hilo ndilo lililonileta. Lakini kuletwa na jambo jema si sawa na kuwa na kichwa cha kulifanya.

Msaidizi wako


21 Mei

Msaidizi wangu,

Marahaba.

Mimi mtihani huo niliufeli mara ya kwanza. Hukulijua hilo kwa sababu hujawahi kuuliza, na mimi si mtu wa kujitangaza.

Kanuni usizikariri. Unachanganya dawa zangu kila siku na hujawahi kuharibu hata moja. Hiyo ni kemia, ila hakuna aliyekuambia inaitwa hivyo. Kila kanuni itafutie chupa yake kwenye rafu yetu. Chonga kila siku. Nta ikiisha, chonga sabuni.

Unaweza. Umetaka jibu, ndilo hilo.

Daktari


23 Mei

Mama Kasuku,

Utafurahi kusikia kwamba nyumba imetulia.

Kasuku amekua, nakwambia. Wiki hii hajauliza swali hata moja. Anakuja dukani, anakaa kwenye benchi, kiganja shavuni, anatazama nje kama mtu mwenye mawazo ya nyumba na shamba. Wateja wanasema nimemuuza kasuku nikanunua njiwa. Chakula anakichezea tu, anataka maziwa ya vuguvugu basi, mama anasema ni deko la kumkosa mama yake. Usiku anataka alale ameketi, nimemwekea mito mgongoni kama malkia. Na mate yanamtoka akisinzia, kama alipokuwa mchanga, unakumbuka? Nimemtania mpaka akageuza uso. Shingo nayo kaikakamaza, hageuzi kichwa, anageuka mwili mzima. Nikamuuliza kama anacheza mchezo wa roboti. Hakunijibu.

Atazoea. Mtoto wa kike na mama yake, sisi wengine tunapita tu njiani.

Duka liko sawa. Kile kioo kikubwa nimekihamishia ukuta wa pili ili wateja wasione foleni nyuma yao wakakimbia. Wewe jaribio la pili lini? Kama la kwanza halikuwa baya, la pili utawaonyesha hao watoto.

Mumeo, kinyozi


27 Mei

Daktari, shikamoo tena.

Simu ilikatika kabla sijamaliza, na foleni ya posta ilikuwa imeninyamazia kunisikiliza. Nafikiri ulipata lililo muhimu. Nimelipata hilo na mimi kwenye barua ya mume wangu, limefungwa ndani ya utani. Kasuku amenyamaza, analala ameketi, mate yanamtoka, shingo imekakamaa. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mgonjwa asiyemeza mate hasubiri foleni. Barua iliandikwa siku nne kabla sijaisoma. Nilisimama katikati ya bweni nimeishika na nikaona shavu la mwanangu wazi kabisa, utadhani nimeinama juu ya kiti chetu na taa imewashwa.

Uliniambia unavaa viatu. Nilikusikia ukihema, ukavaa huku simu iko sikioni. Nakushukuru.

Nikuambie lililobaki. Kutoka posta nilikwenda stendi. Basi lilikuwa limewasha injini. Kondakta akauliza kama napanda, nikamwambia nasubiri mtu. Akaniuliza tena, nikamjibu vilevile. Likaondoka. Nilijiambia kwamba mpaka nifike, wewe utakuwa umeshafanya kila kinachoweza kufanywa, na mikono yangu haitaongeza chochote juu ya yako. Ni kweli. Lakini sijui kama niliyasema kwa kuwa ni kweli, au kwa kuwa mtihani ni Jumatatu.

Narudia lile nililokuomba simuni. Usimwambie baba yake kwamba nimepiga. Akijua kwamba nilijua, atajua pia kwamba sikuja.

Niandikie upesi, hata mstari mmoja. Siwezi kusoma. Nazunguka uani mpaka matroni ameniuliza nimepoteza nini.

Msaidizi wako


28 Mei

Msaidizi wangu,

Yuko hai, na ataendelea kuwa hai. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Nilikwenda dukani nikasema nataka kunyolewa. Mume wako alishangaa, alikuwa amenichonga ndevu juzi tu. Nikamwona mtoto kwenye benchi. Uvimbe ulikuwa umeshashuka chini ya taya, mgumu kama ubao, na mdomo haukufunguka zaidi ya kidole changu kimoja. Nilimbeba mwenyewe. Baba yake alitufuata na shuka la wateja likiwa bado begani.

Ni gego la chini upande wa kulia. Lilioza kwa ndani, juu kuna kitundu ambacho hata mimi ningeweza kukipita. Hospitali walimlaza usingizi, tukalipasua jipu, tukaling'oa jino, usaha ulikuwa mwingi. Sasa anachomwa sindano za dawa asubuhi na jioni. Leo amemeza maziwa. Leo pia ameniuliza jino lake nimelipeleka wapi, kwa hiyo ugonjwa unarudi nyuma.

Ungesubiri posta badala ya simu, ningekuandikia barua nyingine.

Mume wako amejikunja kama karatasi. Anasema alidhani ni deko. Ameniapisha nisikuambie neno mpaka umalize mtihani. Kwa hiyo nimeapishwa na pande zote mbili, na mimi ni mzee nisiyependa viapo. Nitawatunzia siri zenu mpaka tarehe nne. Baada ya hapo mwambie mwenyewe.

Kuja au kukaa, sitakushauri. Mtoto yuko salama ukija, yuko salama usipokuja. Nimekuandikia hivyo ili uwe huru, lakini najua haitakuwa rahisi zaidi.

Daktari


29 Mei

Mama Kasuku,

Hapa hakuna jipya.

Kasuku hajambo, anakusalimu, amerudia kuongea kama kawaida yake. Leo ameuliza kama daktari akiumwa jino anajing'oa mwenyewe. Mama hajambo pia, anapika supu asubuhi na jioni, sijui kimemwingia nini.

Duka nimelifunga siku mbili tatu. Nalipaka rangi. Kuta zilikuwa zimechakaa, nikaona bora nitumie nafasi hii. Kwa hiyo ukisikia kutoka kwa mtu yeyote kwamba duka limefungwa, ujue ni rangi.

Nakaa hapa kwenye benchi nakuandikia, karatasi iko gotini, usione ajabu mwandiko ukipinda. Usiwe na wasiwasi wowote. Jumatatu ingia pale na kichwa chepesi. Nyumbani kumetulia.

Mumeo, kinyozi


1 Juni

Baba Kasuku,

Nimefurahi kusikia kwamba hakuna jipya.

Umechagua rangi gani?

Mimi nasoma. Nimechonga mpaka vidole vimeota sugu, na mabinti wamenipigia kura niwe wa kwanza kuamka ili niwaamshe wote. Mwambie mama mkwe supu ni nzuri sana, aendelee nayo, aichuje vizuri, asitie pilipili. Mwambie Kasuku nampenda. Mwambie leo, usingoje kesho.

Mkeo


5 Juni

Baba Kasuku,

Mtihani umekwisha. Nitakusimulia kwanza jinsi ulivyokuwa, kwa sababu nikianza na lile lingine sitarudi huku.

Jumatatu ilikuwa karatasi. Ukumbi mkubwa, meza mojamoja, msimamizi mwenye viatu vinavyolia kila akipita. Kemia niliifanya kwa kufikiria rafu ya kliniki, chupa baada ya chupa. Kuna maswali niliyoyaacha. Sikuyaacha mengi. Binti wa kitanda cha juu yangu alitapika mlangoni kabla hatujaingia, nikamshika paji la uso kama ninavyowashika wagonjwa, naye akaniambia, "Mama, usiniache." Nikamwambia tunaingia wote.

Jumanne ilikuwa nta. Tuliambiwa tuchonge chonge la juu, lile jino refu la pembeni. Wenzangu wengi walikuwa wakitetemeka, mmoja alikata kidole. Mimi nilikaa, nikachukua kisu, nikachonga. Mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Msimamizi alisimama nyuma yangu muda mrefu kisha akapita. Nilipoliweka jino mezani niliona ni zuri, na hapo ndipo nikaingiwa na hofu. Mama gani mikono yake inatulia namna ile, na mtoto wake yuko wodini?

Naam. Najua, Baba Kasuku. Nilijua tangu barua yako ya nyumba imetulia. Mtoto yule hajawahi kunyamaza tangu azaliwe, na wewe ukaniandikia kwamba amenyamaza, halafu ukanitajia shingo, na mate, na mito mgongoni. Nilikimbia posta nikampigia Daktari. Yule hakuja kwako kunyolewa, nilimtuma mimi. Nikamwomba asikuambie. Kisha nikaenda stendi, basi likaja mbele yangu, nikaliacha liondoke. Nikaingia kwenye mtihani nikijua kila kitu: kisu, usaha, sindano. Na barua yako ya rangi ilifika ikinuka dawa ya kusafishia wodi. Naijua harufu hiyo kuliko ninavyoijua ya marashi yangu.

Ulinificha ili nisirudi. Sina hasira na wewe. Nilitaka kuwa nayo, nikatafuta pa kuishikia, sikupaona.

Kuna usaili wiki ijayo kwa watakaopita karatasi. Niambie nije sasa nami nitakuja, niache usaili. Au niambie neno lolote.

Mkeo


9 Juni

Mama Kasuku,

Nimesoma barua yako dukani, milango imefungwa. Safari hii hakuna aliyesomewa kwa sauti.

Nilikaa kwenye lile benchi la hospitali siku zile zote nikijiambia, angalau huyu mwanamke anasoma kwa amani, angalau hilo nimemfanyia. Ndilo lililonishikilia. Nilishindwa kuona mwanangu anaoza taya mbele ya macho yangu, nilimwita roboti, lakini kuficha niliweza. Kumbe nilikuwa namficha mtu aliyeona kabla yangu, kutoka mbali, kwenye karatasi. Na duka sikulipaka rangi yoyote.

Sasa nisaidie kuelewa. Mimi nilificha ili usirudi. Wewe ulijua, na hukurudi. Kila mmoja amepata alichokitaka. Basi hasira hii niliyo nayo inatoka wapi? Maana ninayo. Jana nimemkata mteja sikio, kidogo tu, lakini tangu nianze kazi hii sijawahi.

Kuna jambo moja ambalo siwezi kulimeza. Siku ya sindano ya pili Kasuku aliniuliza: "Mama anajua?" Nikamwambia hajui. Nikamwambia mama angejua angekuja mbio, angekuja hata kwa miguu. Nimemwambia hivyo kwa mdomo wangu huu, akalala. Kila akiamka anauliza tena, apate kusikia jibu lile lile. Sasa nimwambie nini?

Usaili fanya. Umeshalipia kwa kitu kikubwa kuliko nauli, usije ukakiacha mlangoni.

Mumeo


12 Juni

Baba Kasuku,

Usimwambie kitu. Nitamwambia mwenyewe.

Usaili ni kesho. Jumamosi jioni nafika. Usije stendi kama hujisikii, najua njia ya nyumbani.

Mkeo


22 Septemba

Baba Kasuku,

Leo ni wiki tangu nianze chuo na hiki ndicho kipindi cha kwanza nimepata meza peke yangu. Wametupa koti jeupe. Langu lina mikono mirefu, nimeikunja. Tumepewa pia fuvu la kusomea, moja kwa watu wawili, na mwenzangu ni yule binti aliyetapika. Bado ananiita Mama, na sasa darasa zima limemfuata, mpaka mhadhiri mmoja naye ameteleza. Kemia ya hapa ni baba wa ile ya mtihani. Nalala nayo, naamka nayo. Siku ya kwanza nilitaka kukimbia. Ya pili nilitaka kukimbia na fuvu.

Nimekuwa nikijiuliza kama nikuambie Kasuku alisema nini siku ile. Miezi yote niliyokaa nyumbani hukuniuliza. Jumapili ile ulirudi kutoka dukani ukanikuta naosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, ukauliza kama nimemwambia, nikasema ndiyo, ukachukua kitambaa ukaanza kukausha. Hatukusema zaidi. Majibu ya chuo yakaja, mama mkwe akalia, wewe ukanyoa watu bure kutwa, na bado hatukusema. Nilidhani tutasema siku moja. Sasa niko huku, na naona kwamba mimi na wewe tunasema vizuri zaidi posta ikiwa katikati.

Asubuhi ile alikuwa kitandani kwetu anachora. Nilimwomba nione mdomoni, akakataa. Akasema Daktari ameshaangalia. Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikamwambia, "Baba alikwambia kwamba sikujua unaumwa. Baba hakudanganya, alidhani hivyo. Lakini mimi nilijua."

Akaendelea kuchora. "Ulijua kabla au baada?"

"Kabla. Mimi ndiye niliyempigia Daktari simu."

"Mbona hukuja?"

Nilikuwa nimetayarisha maneno njia nzima kwenye basi. Umri, mwaka wa mwisho, watu wa kwetu na meno yao, kwamba Daktari angefika kabla yangu. Yote ni kweli. Nikayaangalia nikaona hakuna hata moja linalomfaa mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akimngoja mama yake. Nikasema, "Kulikuwa na mtihani."

Akanyamaza. Unajua Kasuku akinyamaza mimi nakuwaje. Aliweka penseli chini akasema, bila ubaya wowote, kama anayenieleza njia ya dukani: "Mimi ningekuja."

Nikasema, "Najua ungekuja."

Akafikiri tena. Kisha akauliza, "Umefaulu?"

"Bado hatujui."

"Basi ufaulu," akasema. Akafungua mdomo wazi, akanionyesha pengo.

Nimelibeba neno hilo miezi yote hii, nalizungusha huku na huku. Hata darasani linanijia. Sijui kama alinisamehe au alinipa amri. Wewe unakaa naye. Unaonaje?

Mkeo


27 Septemba

Mama Kasuku,

Ni amri. Namjua, amerithi kwa mama yangu.

Kuhusu kusamehe, sikumuuliza, na wewe usimuulize. Jana alikuwa anamweleza mteja kwamba mama yake yuko chuo na ana fuvu la mtu. Mteja akasema haiwezekani. Kasuku akamwambia, "Mama yangu alijua jino langu limeoza kwa kusoma barua tu, wewe unaweza?" Mteja akakubali kwamba hawezi. Hilo lichukue, lipime mwenyewe.

Mimi bado. Nakwambia kweli kwa sababu tumeona uongo wetu ulipotufikisha. Kuna siku nanoa wembe nakumbuka lile basi lililoondoka, ambalo hata sikuliona, na moyo unanipanda. Kisha namsikia mtoto anauliza maswali, na najua sauti ile ipo kwa sababu yako, si yangu. Yote mawili yako ndani yangu, yanasukumana. Sijui yatasukumana mpaka lini. Lakini barua zako naenda kuzichukua posta mwenyewe, simtumi mtu.

Kwa kuwa tumekubaliana kutofichana, nakupa habari zote bila kuchuja. Bomba la uani limepasuka, mama amegombana na jirani kuhusu maji, jirani ana haki. Kasuku amepata sifuri kwenye hesabu na amenieleza kwa nini mwalimu ndiye mwenye makosa. Kile kioo kikubwa kimepata ufa. Kinyozi mwingine amefungua mtaa wa nyuma, ana kiti kinachozunguka.

Na mimi jino linaniuma. La juu, kushoto, tangu wiki iliyopita. Daktari ameliangalia, anasema ling'olewe kabla hajafunga kliniki. Nimemwambia hapana, namngoja mke wangu. Akaniuliza kama najua kwamba ni miaka mitano. Nikamwambia najua, nitatafuna upande wa kulia.

Mumeo, kinyozi